Mungu wa Baba Yetu



Mwezi uliopita tulikuwa tukiwafundisha vijana wa kipaimara katika mtaa wetu, nao ni 17, tukafika mahali pa ahadi za ubatizo. Yaani zile ahadi ambazo wazazi wa ubatizo walizisema kwa ajili ya mtoto mchanga, na ambazo sasa kijana huzitwaa mwenyewe mbele ya askofu. Tukawauliza kama wamefahamu. Wakajibu wote kwa sauti moja kwamba wamefahamu, kama ilivyo desturi ya darasa lolote linalotaka kwenda nyumbani. Walakini binti mmoja aketiye karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akasimama akasema, "Mwalimu, mimi ni Mkristo kwa sababu baba na mama ni Wakristo. Shangazi yangu aliolewa Kondoa, na watoto wake wote ni Waislamu. Kama ningalizaliwa na shangazi, je, nisingalikuwa Mwislamu? Basi imani hii ni yangu kwa namna gani?"

Twaungama kwenu kwamba hatukumjibu vema. Tulimwambia kwamba swali lile si la darasa, aketi. Akaketi. Lakini usiku ule usingizi ulitupotea, kwa maana swali lake tumelichukua sisi wenyewe tangu ujana wetu, nasi tulimkemea kwa kuwa alikuwa amegusa mahali penye kidonda. Ndipo tukaazimu kuandika habari hizi, ambazo wengine wa ndugu zetu wazijua na wengine hawazijui.

Sisi tulizaliwa Ugogo mwaka 1953, katika nyumba ya mwalimu wa kanisa. Injili ilikuwa imekwisha kukaa katika nchi ile siku nyingi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na mwaka 1927 ikawekwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati yenye askofu wake. Babu yetu, mzaa baba, alibatizwa akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Tulisimuliwa mara nyingi jinsi alivyokataa kushika sehemu yake katika tambiko kaburini kwa baba yake, na nduguze wakakasirika wakamnyima ng'ombe wa urithi, wala yeye hakuwadai. Ndiyo kusema kwamba aliinunua imani yake kwa ng'ombe, na katika Ugogo hakuna bei inayoshinda hiyo. Baba yetu naye aliilipia kwa miguu yake, akienda na kurudi mtaa kwa mtaa katika jua lile, kwa mshahara ambao hatuna haja ya kuutaja.

Sisi je, tulilipa nini? Tulipewa tu. Tulipewa jina la Kitabuni na cheti cha ubatizo kilichotunzwa katika bahasha. Na kabla hatujatimiza miaka 8 tulikuwa tumekariri Sala ya Bwana, na Imani ya Mitume, na Amri Kumi, hata tukathubutu kuwasahihisha watu wazima walipokosea. Kila mtu alisema, "Huyu atafuata nyayo za baba yake."

Wenyeji wa Ugogo wajua desturi ya kumkabidhi mtu ng'ombe. Mwenye kundi kubwa huweka wachache kwa rafiki yake awachunge. Yule rafiki hukama, na watoto wake hunywa maziwa wakanawiri, na mpita njia akilitazama zizi husema, "Hapa pana mali." Lakini hawezi kumchinja hata mmoja, wala kumtolea mwanawe mahari kwa ng'ombe wale; na siku mwenyewe ajapo, huwaswaga akaenda nao. Hivyo ndivyo tulivyokuwa na imani. Tulikunywa maziwa yake, na wapita njia walitusifu.

Sasa twaja kwenye neno lililo zito kulisema. Mwaka 1968, baada ya mavuno, kanisa letu lilitoa sadaka ya mtama na uwele. Nafaka ikauzwa, fedha zikahesabiwa nyumbani kwetu mbele ya wazee watatu, zikafungwa katika kitambaa, akakabidhiwa mzee wa kanisa aliyekuwa mtunza fedha, azipeleke kwa kasisi siku ya Alhamisi. Jumatano baba akatutuma kupeleka daftari la hesabu nyumbani kwa mzee yule. Hatukumkuta, alikuwa kisimani akinywesha mbuzi. Mkewe akatukaribisha ndani ya tembe, akatupa kigoda, kisha akatoka nje kupepeta uwele. Ndani mlikuwa na giza, na kile kitambaa kilikuwa juu ya sanduku. Tukatwaa noti moja ya shilingi 20.

Hatukuwa na njaa, wala hapakuwa na mtu aliyetushawishi. Na jambo linalotushangaza hata leo ni kwamba Jumapili iliyofuata tulisoma somo la kwanza kanisani, kwa sauti nzuri isiyotetemeka.

Fedha zilipohesabiwa tena kwa kasisi zilipungua. Hakuna aliyemshtaki mzee. Watu walinyamaza, na kunyamaza kwao kulitosha. Mzee akauza mbuzi wake mmoja akalipa ile noti, akarudisha daftari kwa baba, akasema kwamba macho yake yamechoka na hesabu. Tangu siku ile hakuketi tena mahali pa wazee. Aliketi nyuma karibu na mlango, pamoja na wenye kuchelewa na akina mama wenye watoto waliao. Sisi tulimwona pale kila Jumapili, tukazoea kumwona pale. Ndugu, mtu aweza kuzoea mambo ya ajabu.

Mwaka 1970 tulikuwa katika shule ya sekondari ya bweni, mbali na nyumbani. Katika siku zile moto wa Uamsho ulikuwa ukiwaka bado katika makanisa yetu. Uamsho huo ulianza Gahini katika Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukavuka kuja kwetu. Na mmoja wa waliouleta Dodoma ni Festo Kivengere, aliyefundisha shule pale miaka ya 1940, akawa baadaye askofu wa Kigezi mwaka 1972. Yeye naye alisoma shule ya misheni utotoni, kisha katika ujana wake akaiacha imani, akairudia. Na husimuliwa kwamba alipoirudia alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Hiyo ndiyo desturi ya ndugu wa Uamsho: kuitaja dhambi kwa jina lake, na kurudisha kilichoibiwa, na kulipa deni. Wimbo wao, Tukutendereza, ni wa Kiganda, lakini huimbwa hata na wasiojua Kiganda neno moja.

Pale shuleni wanafunzi wa Uamsho walikutana jioni chini ya mti. Mmoja mmoja rafiki zetu wakasimama wakashuhudia, mpaka katika chumba chetu cha kulala tukabaki peke yetu. Kubaki peke yako bwenini ni jambo gumu kwa kijana kuliko njaa. Basi jioni moja nasi tukasimama. Maneno tuliyoyasema tuliyaazima kwa mwanafunzi wa mbele yetu, aliyeshuhudia juma lililotangulia watu wakalia. Tuliungama ulevi, nasi, ndugu wasomaji, hatujapata kuonja pombe hata leo! Tuliungama kwamba tuliwachukia wazazi wetu, nao tuliwapenda. Tuliungama dhambi za watu wote isipokuwa ile yetu. Wakatukumbatia, wakaimba, na sisi tukatoa machozi ya kweli, wala hatujui yalitoka wapi.

Mtu asidhani kwamba twawadharau ndugu wale. Wao walikuwa wakweli, na wengi wao wangali wanasimama imara hata sasa. Uongo ulikuwa wetu.

Mwezi wa Desemba tukarudi nyumbani kwa likizo, na habari ilikuwa imetutangulia. Baba alifurahi mno, akatupa nafasi ya kushuhudia kanisani. Tukayasema maneno yale yale, na safari hii tuliyasema vizuri zaidi kwa kuwa tulikuwa tumeyazoea. Watu wakaja kutushika mkono. Wa mwisho alikuwa yule mzee, maana alitoka nyuma kabisa. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa Agosti mwaka ule ule, naye alikuwa amekonda. Akatushika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, uniombee na mimi."

Usiku ule hatukuweza kusali. Sala tulizijua zote, na kinywa kilikuwa tayari, lakini kila tulipoanza tulisikia sauti ya baba, au ya kasisi, au ya yule mwanafunzi. Yetu haikuwamo.

Ikawa kwamba juma lile tulipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari za Yakobo, tukazisoma upya katika Mwanzo, kuanzia sura ya 27 hata ya 33. Tulikuwa tumezisoma mara nyingi, lakini jambo hili hatukuwa tumeliona. Yakobo alipotoka Betheli aliweka nadhiri yenye masharti, kama mtu afanyaye biashara. Akakaa kwa Labani miaka 20, akapata wake na watoto na makundi, na sala zake zilijibiwa. Lakini mara kwa mara amtajapo Mungu husema ni Mungu wa baba yake. Hata alipokuwa akirudi na hofu ya Esau imemshika, alimwomba Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka. Lake mwenyewe hakulitia. Kisha akabaki peke yake usiku penye kivuko cha Yaboki, akashindana na yule asiyemjua, akaulizwa, jina lako nani? Zamani baba yake kipofu alimwuliza swali kama hilo, naye akajibu kwamba yeye ni Esau, akapata baraka kwa jina la mwingine. Safari hii akajibu kwamba yeye ni Yakobo, na jina hilo maana yake mdanganyifu. Akapewa jina jipya, akatoka akichechemea, akaenda kumwinamia ndugu yake mara 7 na kumpa mifugo mingi. Baada ya hayo ndipo alipojenga madhabahu Shekemu, na kwa mara ya kwanza akamwita Mungu kwa jina lake yeye mwenyewe, Mungu wa Israeli.

Tuliposoma hayo tulikifunga Kitabu. Sisi tulikuwa tumesimama mara mbili mbele za watu kwa jina la mtu mwingine.

Siku ya tatu mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na watu walikuwa mashambani wakipanda. Tukamkuta mzee peke yake katika shamba lake la uwele. Hatukuthubutu kusema. Tukachukua jembe la pili lililokuwa chini ya mti, tukafuatana naye mstari mzima mpaka mwisho wa shamba, bila neno. Hapo tukamwambia kwamba ile noti tuliitwaa sisi, siku ya Jumatano, yeye alipokuwa kisimani.

Akaegemea jembe lake. Tulidhani atatulaani, au atatuwekea mkono kichwani kama wafanyavyo wazee katika hadithi. Hakufanya hili wala lile. Akauliza, "Ulinunua nini?"

Tukamwambia: kalamu ya wino, na soda mbili stesheni, na zilizobaki hatukumbuki.

Akatazama mbali kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni mama." Alikuwa akimtaja marehemu mkewe. "Yeye ndiye aliyeshinda nyumbani na kile kitambaa. Sikumwuliza hata siku moja. Lakini tangu siku ile ufunguo wa sanduku niliuweka mfukoni mwangu, naye aliona." Akanyamaza tena. "Nenda kwa baba yako. Mimi leo siwezi kukujibu."

Tulikuwa tumekwenda tukidhani tumeiba shilingi 20.

Baba tulipomwambia hakutupiga. Alitoka akaenda akasimama penye zizi, na giza likaingia angali pale. Aliporudi akasema, "Jumapili utasimama useme mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja." Na kweli hakutusaidia. Yeye aliyekuwa akitunong'onezea mistari tangu tulipokuwa wadogo, Jumapili ile aliketi ameinamisha kichwa, nasi tukasema maneno machache yasiyo na mapambo: tuliiba, na mzee huyu hakuiba, na ushuhuda wetu wa juma lililopita ulikuwa wa kuazima. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Tukarudi mahali petu, na ibada ikaendelea.

Baadaye tukampelekea mzee shilingi 20. Akazikataa. Akasema, "Mimi niliuza mbuzi. Niletee mbuzi." Tulikuwa na mbuzi jike mmoja tuliyepewa na mjomba siku ya kipaimara chetu, tukampeleka. Mzee akamfunua kinywa akatazama meno, akasema, "Huyu ni mdogo kuliko yule wangu," akamfunga. Kisha akasema, "Haya, tusali." Yeye akasali kwanza, kwa Kigogo, akamtaja mkewe kwa jina. Zamu yetu ilipofika maneno yalikuwa haba. Tulimwomba Mungu atusamehe, tukakwama. Na tulipokwama ilitujia Zaburi ya 51, ile ambayo baba alitukaririsha kwa fimbo, tukaisema yote mpaka mwisho. Kila neno lilikuwa la Daudi, na sauti ilikuwa yetu. Ikiwa mtu atatuuliza ni lini tulipoanza kuwa Wakristo, cheti chasema 1953, nasi twasema ni pale penye zizi la mbuzi.

Hatusemi kwamba kila kijana sharti aibe kwanza. Tunamjua mama mmoja katika mtaa wetu ambaye hawezi kutaja siku wala saa. Alimpenda Bwana tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, na imani yake yatushinda sisi. Timotheo naye alirithi kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Mtume Paulo hakumdharau kwa hilo. Lakini hata Samweli, aliyelala hekaluni, alipoitwa usiku alikimbia mara tatu kwa Eli, akidhani ni sauti ya mlezi wake. Na wale Wasamaria wa Sikari waliamini kwanza kwa neno la yule mwanamke, kisha wakamwambia kwamba sasa wameamini kwa kuwa wamesikia wao wenyewe; wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke yule alichukizwa.

Kwa sababu hiyo sisi hatupendi desturi ya walimu wengine ya kuwahimiza vijana wasimame washuhudie upesi upesi, na kuwahesabu kama mtu ahesabuye magunia. Wala hatupendi desturi iliyo kinyume chake, nasi tumeifuata miaka mingi, ya kuridhika kijana akijibu maswali yote ya kipaimara bila kosa. Twawaomba radhi wale tuliowapitisha hivyo. Twasikia pia siku hizi walimu wasemao kwamba kukariri ni kazi bure; hao nao hatukubaliani nao, kwa ajili ya ile Zaburi.

Jumamosi iliyofuata tukamwita yule binti, tukamwomba msamaha mbele ya darasa kwa kumketisha. Tukamjibu kwamba ni kweli, kama angalizaliwa na shangazi yake huenda angalikuwa Mwislamu, kama vile babu yetu alivyozaliwa katika matambiko. Kuzaliwa humweka mtu mahali, naye Mungu huanza naye papo hapo. Kisha tukawasimulia wote habari hizi kama tulivyowasimulia ninyi. Wakasikiliza kimya. Tukawaambia pia kwamba kabla ya Pasaka ya 1971 baba alituandikia barua kwamba mzee amerudi mahali pa wazee, na kwamba mwaka ule ule watu wa kijiji chetu walihamishwa katika Operesheni Dodoma, kanisa lile la udongo likabaki mahame penye mibuyu.

Binti akasimama tena.

"Mwalimu, na yule mama? Kaburi lake liko wapi?"

Tukamwambia kwamba liko huko huko kwenye mahame, na kwamba mzee alikuwa akienda kila mwaka kulipalilia mpaka alipofariki naye.

"Na wewe, mwalimu, umekwenda?"

Darasa zima likatutazama. Tukajibu kwamba bado hatujakwenda.